Judith wa nasaba mbili

Nikipewa mti wa ukoo wa wafalme wa Ulaya wa Zama za Kati za mwanzo, siku hizi siusomi kuanzia juu. Huko juu ndiko chumvi ilikomwagwa. Chukua Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza uliomtoa Alfred Mkuu. Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni, yaani historia ya Waingereza wa kale iliyoandikwa mwaka kwa mwaka na kukusanywa zama za Alfred mwenyewe, zinampandisha baba yake, Æthelwulf, babu kwa babu hadi kwa Woden, aliyekuwa mungu wao kabla ya Ukristo. Ungedhani hapo pametosha. Wapi! Waandishi wale, Wakristo safi, wakazidi kupanda mpaka kwa mwana wa Nuhu aliyezaliwa ndani ya safina, kisha wakatua kwa Adamu. Biblia haimjui huyo mtoto wa safinani, ila ilibidi apatikane, la sivyo Woden asingekuwa na pa kushika.

Sasa angalia kilicho pembeni. Maelezo hayohayo yanasema kwamba Æthelwulf, akirudi kutoka Roma, alipewa binti wa mfalme wa Wafaranki, watawala wa Ufaransa ya wakati huo, awe mke wake. Nakala ya zamani zaidi haikujisumbua hata kumtaja jina. Adamu ametajwa, bibi harusi hakutajwa.

Jina lake ni Judith. Baba yake ni Charles Mwenye Upara, mjukuu wa Charlemagne, mfalme wa Wafaranki aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, kwa hiyo binti huyu ni kitukuu chake. Ndoa ilifungwa Verberie, kaskazini mwa Ufaransa ya leo, Oktoba 1, 856. Judith alikuwa na miaka kama 12 au 13, na mumewe alikuwa na watoto wa kiume watu wazima. Askofu mkuu Hincmar wa Reims alimpaka mafuta na kumvika taji, jambo zito, kwa sababu Wessex haikuwa na desturi ya kumwita mke wa mfalme malkia wala kumkalisha kando ya mumewe. Asser, padri aliyeandika maisha ya Alfred mwaka 893, anasema chuki hiyo ilianzia kwa Eadburh, mke wa mfalme mmoja wa zamani aliyemuua mumewe kwa sumu. Naona Charles alijua vizuri anampeleka binti yake wapi, ndiyo maana hakutaka aondoke bila mafuta kichwani.

Alfred mdogo, mwenye miaka kama saba, akapata mama wa kambo ambaye angeweza kuwa dada yake.

Æthelwulf akafa mwaka 858. Mwanawe Æthelbald, aliyekuwa amemwasi baba yake alipokuwa Roma, akarithi kiti na kumwoa mjane. Kwa hiyo mama wa kambo wa Alfred akageuka shemeji yake. Asser anafoka: ni kinyume cha amri ya Mungu, na hata wapagani hawafanyi hivyo. Hapo Asser anatia chumvi. Bede, mtawa aliyeandika historia ya Kanisa la Uingereza, anasema kuwa Eadbald, mfalme wa Kent, alimwoa mke wa baba yake mara tu baada ya mwaka 616. Na Æthelbald hakuwa mjinga. Ndugu zake wote walikuwa wana wa mfalme, lakini malkia aliyepakwa mafuta, mwenye damu ya Charlemagne, alikuwa mmoja tu nchini.

Æthelbald naye akafa 860. Judith, mjane wa mara ya pili kabla hajafika miaka 20, akauza mali yake akarudi kwao, na baba yake akamweka Senlis chini ya ulinzi. Huko ndiko alikotoroka na Baldwin, bwana mwenye cheo cha “count”, yaani mtawala wa jimbo chini ya mfalme, Judith akiwa amebadili mavazi, kwa ridhaa ya kaka yake Louis. Habari hii inaandikwa na Hincmar, yuleyule aliyemvika taji, na hasira yake unaisikia mpaka leo. Maaskofu wakawatenga na Kanisa. Wapenzi wakakimbilia Roma kwa Papa Nicholas wa Kwanza, naye akamwandikia Charles awasamehe, akimwonya kwamba Baldwin akikata tamaa anaweza kujiunga na Waviking. Mwaka 863 baba akakubali ndoa, na Baldwin akapewa eneo lililokuja kuwa Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Wessex walimkumbuka Judith kama aibu. Flanders, karne moja baadaye, padri Witger alimwandikia Arnulf, mtawala wa huko na mjukuu wa Judith, nasaba ya ukoo wake, na humo Judith anasifiwa kwa busara na uzuri. Utoro hautajwi. Mwanamke ni yuleyule, ila Wessex hakuacha mtoto, hivyo hakuwa na wa kumtetea. Huko Flanders, bila yeye Arnulf angekuwa mjukuu wa mtu aliyetorosha binti wa mfalme. Kwa hiyo nikisoma nasaba siulizi kwanza kama ni ya kweli, nauliza ni nani aliyeihitaji.

Majina ya watoto nayo yanasema. Mwana wa Judith, Baldwin wa Pili, alimwoa Ælfthryth, binti wa Alfred. Wana wao wakaitwa Arnulf, jina la askofu wa Metz ambaye ukoo wa Charlemagne ulimhesabu kuwa babu yake, na Adalulf, ambalo ni Æthelwulf kwa matamshi ya bara. Charlemagne mwenyewe alicheza mchezo huo mwaka 778: wanawe mapacha aliwaita Louis na Lothar, yaani Clovis na Chlothar, majina ya wafalme ambao baba yake aliwanyang'anya uzao wao kiti mwaka 751. Baadaye nasaba ikatungwa kabisa, akazuliwa binti wa mfalme aitwaye Blithild ili ukoo wa wafalme hao wa kale na ukoo wa Charlemagne uunganishwe.

Wanaojisifu mtandaoni kuwa wametokana na Charlemagne sibishani nao. Kwa hesabu ya vizazi, karibu kila mwenye asili ya Ulaya ametokana naye.

Mstari wa Judith na Ælfthryth ulirudi Uingereza kwa Matilda wa Flanders, mke wa William aliyeiteka nchi mwaka 1066. Mtoto wao, Henry wa Kwanza, alioa mwaka 1100 binti wa kifalme kutoka Scotland aliyetokana na Alfred. Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni zikamsifu bibi harusi kuwa ni wa ukoo halali wa kifalme wa Uingereza. Bwana harusi naye alikuwa mzao wa Alfred, kwa upande wa mama. Hilo mwandishi hakuliandika.