Vyama vya wataalamu wa usalama wa maabara: tusiviangalie kwa jicho la posho tu

Ukitaja mkutano wa chama cha wataalamu wa usalama wa kibiolojia, yaani hawa wanaohakikisha vimelea havitoki maabara kwa ajali wala kwa kuibiwa, maneno ya kwanza kusikia ni posho, hoteli, vyeti, na eti mfadhili akiondoka chama kinakufa. Mengine ni kweli. Ila wanaosema hivyo wanaangalia ukumbi wa mkutano tu, maabara kwenyewe hawafiki.

Taasisi nyingi zina ofisa mmoja tu wa kazi hii. Huyo mmoja ndo anatakiwa awaambie wakubwa zake wasimamishe kazi, na anayemlipa ndo huyohuyo anayetaka majibu yatoke leo. Asipokuwa na wenzake wa kumwambia "uko sahihi, na sisi tulifanya hivyo", atanyamaza tu.

Halafu kuna ishu ya kabati la usalama, lile lenye feni na filta ya HEPA (chujio la hewa la kunasa chembe ndogo sana, vimelea vikiwemo) ambalo sampuli zinafunguliwa ndani yake. Filta inatakiwa inase asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, na watu wakisikia hiyo namba wanatulia kabisa. Lakini namba hiyo ni ya filta nzima iliyokaa sawasawa kwenye fremu, na kabati linavuta hewa kwa kasi inayotakiwa. Ikitoboka au mpira wa pembeni ukiachia, feni inaendelea kuunguruma, taa inawaka, hakuna harufu hakuna moshi, na mteknolojia anaendelea kufungua sampuli za TB akijua yuko salama kumbe anavuta hewa yenye vimelea. Ndo maana kabati linapimwa angalau mara moja kwa mwaka na kila likihamishwa, na anayepima awe na vifaa na mafunzo, sio fundi wa AC. Makabati mengi Afrika yamekuja kwa msaada, hela ya kuyapima haikuja nayo, na mpimaji ilibidi aletwe kwa ndege. Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, sasa imeingiza kazi hii ya kupima makabati kwenye vyeti vyake vya kikanda, safi sana, lakini mtu akishapata cheti nani anajua yuko mkoa gani, nani anamwazima kifaa cha kupimia, nani anamkumbusha? Hapo ndo chama kinafanya kazi ambayo wizara haijawahi kuifanya vizuri.

Wanaopinga wanasema dawa ni sheria. Singapore mwaka 2003 mwanafunzi aliambukizwa SARS, ugonjwa hatari wa mapafu, maabara wakati yeye alikuwa anashughulika na virusi vingine kabisa, vya West Nile, sampuli ilikuwa imechanganyika na vya SARS, na mwaka 2005 nchi ikatunga sheria kali. Hoja nzito hiyo, chama hakiwezi kufunga maabara wala kumshtaki mtu, na kinaweza hata kuwalinda wanachama wake. Lakini mkaguzi wa serikali anakuja na kuondoka, na mtu akijua atashtakiwa, ajali ndogo anaificha. Wamarekani waliliona mapema: mwaka 1955 watu 14 kutoka maabara tatu za jeshi walikutana kwenye kambi ya jeshi ya Camp Detrick kujadili usalama wa kazi zao, na mikutano hiyo ndo ilikuja kuzaa chama rasmi cha wataalamu wa usalama wa kibiolojia cha Marekani, ABSA, mwaka 1984. Jeshi lenye hela na amri bado lilihitaji watu wakae waambizane.

Na kwetu hili sio la mbali. Januari 2025 Marburg iliporudi Kagera, vipimo vilianza kwenye maabara inayohamishika hukohuko mkoani kabla ya kuthibitishwa Dar. Kuna mikono iliyoshika zile chupa za sampuli.

Kwa hiyo mimi niko upande wa vyama, kwa masharti. Ada ya mtihani wa cheti isimfungie nje mteknolojia wa wilaya, mwajiri alipe kama anavyolipia vitendanishi. Na ripoti ya mwaka ianze na makabati mangapi wanachama wamepima na mangapi yamefeli, idadi ya waliohudhuria semina ije baadaye.