Tofauti si bei tu

Ndugu mwandishi, unasema testosteroni (homoni ya kiume) ya sindano inayochanganywa na famasi huko Marekani ni sawa na iliyoidhinishwa, ila bei. Hapana. Depo-Testosterone, chapa iliyoidhinishwa, yenye mafuta ya mbegu za pamba, FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) iliikagua. Ya kuchanganywa haikaguliwi kabla ya kuuzwa. Kwa mwenye aleji ya mafuta hayo, sawa, famasi inaweza kumtilia ya mbegu za zabibu. Lakini mwaka 2012 sindano za famasi moja ya Massachusetts (za mgongo, si testosteroni) zilikutwa na kuvu, zikaua watu zaidi ya 60. Na hiyo ni Marekani! Sisi Bukavu tunaonunua chupa bila hata karatasi yake, tumuulize nani? Halafu testosteroni zote mbili, iliyoidhinishwa na ya kuchanganywa, zinaweza kufanya damu iwe nzito, hilo hukuligusa.