Simu Tunaisingizia, Kilichopotea ni Uchochoro

Vifaa ni kopo tupu la maziwa na ndala mguuni mwa kila mchezaji, basi. Siku ya kwanza nilipouona mchezo huu tulikuwa nyuma ya jengo tunaloishi, mtaa wa Satwa hapa Dubai, kwenye kiwanja cha mchanga ambacho mwenyewe hajakijenga. Dada mmoja wa Kifilipino ninayefanya naye kazi jikoni, sote tunamwita Ate kama Wafilipino wanavyomwita dada mkubwa, alichora duara kwa kisigino, akasimamisha kopo ndani yake, akahesabu hatua nane, akachora mstari. Kisha akatuambia kila mtu avue ndala moja. Tukasimama, mguu mmoja umevaa, mwingine uko juu ya mchanga ambao jua lilikuwa bado halijauachia.

Mchezo unaitwa tumbang preso. Maneno yametoka kwenye Kihispania, maana Hispania iliitawala Ufilipino tangu 1565 mpaka 1898: tumbar ni kuangusha, preso ni mfungwa. Kopo ndilo mfungwa. Anayelilinda anaitwa taya, neno la Kitagalog ambalo pia ni dau la kamari. Visiwa vya Visayas, alikozaliwa Ate, wengi husema tumba-lata, yaani angusha kopo. Na mtoto akichomwa na mwiba anapaza sauti "taym pers!", mchezo unasimama papo hapo. Hilo ni Kiingereza cha Wamarekani, waliotawala pale hadi 1946. Mtoto wa miaka minane anacheza kwa lugha tatu wala hana habari.

Taya hapatikani kwa ubabe. Watoto hufanya maiba taya: wote wanatoa mkono kwa mpigo mmoja, kiganja juu au chini, na atakayekuwa peke yake tofauti na wenzake ndiye anayekwenda kulinda kopo. Waliobaki wanajipanga nyuma ya mstari na kurusha ndala. Ukikosa, ndala yako inalala kule mbele kwa taya, nawe huku uko peku. Huwezi kuifuata hivihivi, maana kopo likiwa limesimama taya ana ruhusa ya kumgusa yeyote aliyevuka mstari, na akikugusa, wewe ndiye taya. Unabaki kumwombea mwenzako shabaha.

Kopo likianguka, hapo ndipo mchezo unapofumuka. Wote mnakimbilia ndala zenu. Taya naye haruhusiwi kumgusa mtu mpaka alifuate kopo lilikobiringikia, alirudishe kwenye duara na kulisimamisha wima. Kwa hiyo mrushaji hodari anataka zaidi ya kuliangusha. Anataka liende mbali, libiringike hadi uvunguni mwa gari ikiwezekana, ili wenzake wapate muda. Wanaoanza hurusha kwa juu kama wanaopopoa maembe, na kopo likiguswa linatikisika tu, linatulia. Ate anainama, anarusha chinichini, ndala inateleza juu ya mchanga kwa ubapa wake na kulikata kopo kwenye kitako. Linaruka. Sauti yake ya bati ndiyo filimbi ya mchezo mzima.

Kuna wakati mmoja ninaoupenda kuliko yote. Ndala zote zimekosa, zote ziko kule, kopo limesimama, taya yuko kando yake anawatazama. Hakuna aliyebaki na cha kurusha. Lazima mmoja ajitoe, akimbie upande huu amvute taya, wenzake wachomoke upande wa pili. Hakuna kocha, hakuna kanuni inayosema nani ajitoe. Wanatazamana tu, na mmoja anakwenda.

Nimekulia Tanga na kombolela yenye kopo: aliyejificha akiwahi kulipiga teke, waliokamatwa wote wanakombolewa. Kopo la mtaani lenye wafungwa kwangu si geni. Kitu ambacho sikukijua, na ambacho kilinifanya nianze kuupenda mchezo wa Wafilipino kwa dhati, ni saling-pusa.

Pusa ni paka. Saling-pusa ni yule mdogo, wa miaka mitatu minne, anayemfuata kaka yake kila aendako na kulia akiachwa. Hawamfukuzi. Anaingia mchezoni, anarusha ndala yake inayoishia miguuni pake, anakimbia na wenzake, anapiga kelele. Akiguswa hahesabiwi, wala hafanywi taya. Kama paka anayepita katikati ya watu, yumo na hayumo. Mwaka hadi mwaka anajifunza, hadi siku moja wanamwambia leo unahesabiwa. Huo ni utaratibu wa malezi, na watoto wenyewe ndio walioutunga.

Sasa kila Mfilipino mtu mzima niliyezungumza naye anasema mchezo huu unakufa, na wote wanataja muuaji mmoja: simu. Mimi sikubaliani nao, na nalisema hili kwa heshima, kwa sababu jambo hili linanigusa.

Jiji la Manila lenyewe, bila miji inayolizunguka, lina eneo la takriban kilomita za mraba 43. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.8. Piga hesabu: ni watu zaidi ya 40,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Uwanja wa tumbang preso umekuwa eskinita, uchochoro unaopita kati ya nyumba, na uchochoro huo sasa umejaa pikipiki, bajaji zao wanazoziita traysikel, na magari yanayolazwa nje kwa kukosa pa kuyaweka. Mtoto anahitaji mita kumi tu zilizo tupu kwa saa moja ya jioni. Asipozipata, anakaa ndani. Akikaa ndani, anashika simu. Tumemkuta na simu mkononi tukaona tumempata mwizi.

Na kuna zaidi. Mwaka 2022 Wafilipino karibu milioni 2 walikuwa wakifanya kazi nje ya nchi yao, Ate akiwa mmojawapo. Mwanawe ana miaka tisa, analelewa na bibi yake Tondo, kulekule Manila. Kwa mtoto huyo simu ndimo alimo mama yake. Nani ana moyo wa kumwambia aiweke chini?

Shule nazo zinajitahidi. Agosti ni Buwan ng Wika, mwezi wa lugha ya taifa tangu tangazo la Rais Fidel Ramos la 1997, na shule nyingi huutumia pia kuwachezesha watoto michezo ya jadi. Nawashukuru walimu. Lakini mchezo unaochezwa kwa ratiba, mwalimu akiwa mwamuzi, umeshapoteza kile nilichokisimulia hapo juu: kutazamana kabla ya mmoja kujitoa, na yule mdogo anayeingizwa bila kuhesabiwa. Vitu hivyo vinaota pale watu wazima wasipokuwepo.

Mei 2024 Manila ilianza kufunga sehemu ya Roxas Boulevard kwa magari kila Jumapili, saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Ni hatua njema. Ila ile ni barabara kuu ya ufukweni, na mtoto wa Tondo hachezi ufukweni alfajiri. Anacheza mlangoni kwao, jioni, mahali ambapo bibi akiita anasikia. Ningependa wazo lilelile lishuke hadi barangay, serikali ya mtaa: uchochoro mmoja ufungwe kwa vyombo vya moto, saa 10 mpaka saa 12 jioni, kila siku. Kopo watoto watalitafuta wenyewe.

Ijumaa iliyopita tulicheza tena. Saa 11 jioni hapa, Manila ni saa 3 usiku. Ate alimpigia mwanawe kwa video, akaiegemeza simu ukutani ili atazame kabla ya kulala. Mimi nilikuwa taya. Kopo likaanguka, nikamrukia Mganda mmoja aliyekuwa anainamia ndala yake, nikamgusa begani. Ukutani kukalipuka sauti ya mtoto kwa Kitagalog, na nyuma yake bibi akimwita akalale. Ate alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanitafsiria: nirudishe kwanza kopo. Nikalifuata lilikokuwa, nikalisimamisha kwenye duara, nikaitazama simu. Akaninyooshea kidole gumba, akaambiwa tena akalale, akakataa.