Bunduki ya Pedersen: ikae kwa nani, na je, ipigwe?

Risasi za bunduki ya Pedersen, bunduki ya majaribio ya jeshi la Marekani, zilipakwa nta. Si nta ya kunata kama ya mshumaa, bali tabaka jembamba na gumu, kavu hata ukilipitishia kidole. Mabishano yote ya wapenzi wa silaha za kale kuhusu bunduki hii, kama ikae kwa wakusanyaji binafsi au makumbusho, na kama ifyatuliwe, kwa maoni yangu, yanapaswa kuanzia hapo kwenye nta, ingawa mara nyingi huanzia kwenye bei.

Miaka ya 1920 jeshi la Marekani lilitaka kuachana na bunduki ya kukokiwa kwa mkono kila risasi, ile M1903, limpe askari bunduki inayojijaza yenyewe. Katika karakana ya silaha ya serikali mjini Springfield, Massachusetts, watu wawili walishindana. John Garand alitumia gesi ya baruti kusukuma komeo, kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu. John Pedersen hakutaka gesi. Komeo lake lilikuwa na kiungo kinachokunjika kuelekea juu kama goti, na maungio yake yalichongwa ili yalicheleweshe kufunguka. Tatizo ni kwamba ganda la risasi lilianza kurudi nyuma likiwa bado limebanwa na shinikizo kwenye kuta za chemba, yaani tundu la mtutu risasi inamokaa. Likiwa kavu hung'ang'ania, hata kuchanika. Ndiyo maana ya nta.

Risasi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ya kawaida ya jeshi: inchi .276, yaani kama milimita 7, dhidi ya .30 iliyozoeleka. Ziliingia 10 kwa mpigo, zikiwa ndani ya klipu yao, yaani kishikio cha chuma kinachozibana pamoja. Mwaka 1928 jeshi liliwapiga risasi nguruwe waliotiwa dawa ya usingizi ili kulinganisha majeraha ya vipenyo mbalimbali, na risasi ndogo hazikuonekana dhaifu kama wengi walivyodhani. Pamoja na hayo, mwaka 1932 Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuwa mkuu wa majeshi, aliikataa .276. Maghala yalijaa risasi za .30, na bunduki za rashasha zilitumia hizohizo. Garand aliibadili yake ikapokea .30, na mwaka 1936 ikapitishwa kwa jina la M1. Ya Pedersen ikabaki ya majaribio. Chache zilitengenezwa Springfield na nyingine na kampuni ya Vickers nchini Uingereza. Zilizosalia zimegawanyika kati ya makumbusho na nyumba za wakusanyaji, na kwa kuwa si bunduki ya rashasha, sheria za Marekani zinamruhusu raia kuimiliki.

Wakusanyaji wana hoja nzito, na naiheshimu. Jeshi halitunzi kilichoshindwa. Pedersen huyohuyo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alibuni kifaa cha kuchomeka ndani ya M1903 kikaifanya ijijaze yenyewe na kupiga risasi ndogo kutoka magazini ya risasi 40. Vilitengenezwa kama 65,000. Baada ya vita jeshi likavihifadhi kwa muda, kisha likaviteketeza karibu vyote. Vilivyopo leo vipo kwa sababu viliponyoka mikononi mwa serikali. Anayesema mali ya historia ikae serikalini tu, amjibu kwanza mkusanyaji kuhusu moto ule.

Zaidi ya hapo, ujuzi mwingi wa bunduki hizi umetoka kwa watu wa kawaida waliotumia fedha zao, wakazifungua juu ya meza, wakapima na kulinganisha ya Springfield na ya Vickers kipande kwa kipande. Makumbusho yana bohari zilizojaa vitu ambavyo mgeni havioni.

Lakini kuna hasara ambayo soko huileta polepole. Mkusanyaji wa bunduki si lazima awe mkusanyaji wa risasi. Bunduki huenda kwa huyu, boksi la risasi zenye nta kwa yule, klipu kwa wa tatu, barua na michoro kwa wa nne. Kwa bunduki ya kawaida hilo si neno, maana ziko maelfu. Bunduki ya majaribio ni tofauti. Iliundwa kujibu swali moja: je, askari apewe risasi ndogo na bunduki inayojijaza? Jibu limo katika vitu vyote hivyo vikiwa pamoja. Na swali halikuwa la kipuuzi: miaka ya 1960 jeshi hilohilo lilihamia kwenye risasi ndogo zaidi, ya milimita 5.56. Ukiitoa bunduki ya Pedersen kwenye risasi zake, umebaki na chuma na mbao nzuri, na mtu asiyejua atasema tu kwamba ilikuwa mbaya kwa sababu ilihitaji nta.

Kuhusu kuipiga, nasimama upande mmoja waziwazi: isipigwe. Wapo wanaosema mashine isiyofanya kazi ni maiti, na nawaelewa. Baadhi ya mambo hujulikana kwa kupiga tu, kwa mfano kama kweli lile goti hunyanyuka karibu na uso wa mpigaji kama wakosoaji walivyolalamika. Basi likishapigwa picha za mwendo wa taratibu mara moja, inatosha. Risasi za zamani zina miaka zaidi ya 90, na kila moja inayofyatuliwa imepotea. Za kutengeneza upya zinahitaji nta sahihi, na ukikosea, kinachoumia ni bunduki ambayo haina vipuri popote. Ukichonga kipuri kipya, umefuta ushahidi wa kazi ya mikono ya Pedersen.

Kati ya nyumba ya mkusanyaji na kabati la makumbusho, sitamnyima mkusanyaji anayeviweka pamoja, anayemruhusu mtafiti apime, na aliyeandika mapema vitakwenda wapi siku akifa. Huyo ni mtunzaji kuliko bohari yenye vumbi. Kwa hiyo nikimwona mtu mnadani ameishika bunduki ya Pedersen, sitazami kwanza usafi wa mtutu wala namba yake. Natazama kama kando yake ipo klipu, na ndani ya klipu hata risasi moja yenye nta.