Biva wa Greenford na kenge wa kwetu

Jana jioni nilisimama kando ya bwawa, mfuko wa sokoni mkononi, nikimtazama biva, mnyama mwenye manyoya anayeishi majini na kukata miti kwa meno, anavyokula. Si porini huko. Ni Greenford, magharibi mwa London, karibu kabisa na kituo cha treni na maduka. Ameshika kijiti kibichi kwa mikono miwili, anakizungusha, anakibambua gome kwa yale meno yake ya rangi ya chungwa, wala hana habari na sisi. Mkia wake bapa kama mwiko wa ugali. Pembeni korongo wa kijivu ameganda anavizia samaki, kerengende wanapishana juu ya maji. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nimechoka.

Najua mtakachosema. "Mtu katoka nchi ya tembo na simba, anashangaa panya wa maji! Ulaya imemlevya." Haijanilevya. Kila ninayefanya naye kazi ameshanisikia nikiisifu Serengeti. Tena Waingereza hawana cha kuturingia hapa: biva wao waliwawinda kwa ajili ya ngozi na nyama hadi wakaisha kabisa, yapata miaka 400 iliyopita. Hawa wa Greenford walianza na familia ya watano iliyoletwa Oktoba 2023. Sisi wetu tunao bado. Lakini semeni kweli, wangapi kati yenu mmemwona huyo tembo kwa macho? Mimi nimezaliwa Dar, nimekulia Dar, na tembo niliyemjua ni yule wa kwenye noti ya elfu kumi.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Kwetu mnyama wa mbugani ni wa mgeni mwenye dola, na akitokea mtaani ni wa mawe. Kenge akijitokeza mtaroni, watoto kwa wakubwa wanamkimbiza na fimbo mpaka afe, na hakuna anayeuliza amemkosea nani. Greenford huingii kwa tiketi. Na biva wenyewe wana kazi: eneo la kituo lilikuwa likifurika, wakaletwa ili mabwawa wanayojenga kwa matawi na tope yazuie maji yasishuke kwa kishindo. Mto wetu Msimbazi pale Dar nao ulikuwa na vibarua wake wasiodai mshahara, matete bondeni na mikoko kule mlangoni mwa bahari. Tumefyeka, tumemwaga kifusi, tumejenga. Kisha masika yakifika tunarushiana picha za vitanda vinavyoelea.

"Rahisi kusema ukiwa Ulaya, huku watu wanatafuta ugali." Hivi mnadhani waliosimama nami jana ni matajiri? Ni watu wa usafi, dereva wa basi bado yuko na sare, mama wa Kisomali na wanawe. Mdogo wao alipiga ukelele, biva akachapa maji kwa mkia, pwaa, akazama. Ndivyo wanavyopeana habari ya hatari. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Furaha ile haikuhitaji hela.

Siombi biva waletwe Dar. Korongo huyuhuyu wa kijivu yuko kwetu, mdiria yuko, kenge yuko. Na wewe unayesema hawana faida, nenda Vingunguti, bonde la Msimbazi, masika haya ukaulize maji yalikuwa yanakaa wapi kabla ya kifusi.