Mbili Saba

Najua mmeshasikia. Shoga yangu wa kwaya, ambaye siri kwake hailali hata usiku mmoja, amewaambia kwamba nilisimama kanisani nikawafundisha mabinti wa watu mambo ya chumbani. Jamani! Ngoja niwape yenyewe, mimi niliyekuwa na kipaza sauti mkononi.

Jumamosi ilikuwa semina ya mama na binti hapo usharikani. Mada niliyopewa: msichana Mkristo na urafiki na wavulana. Mimi! Mimi ambaye nikitaka kuongea na huyu wangu wa miaka 15 kuhusu wavulana, naishia kumuuliza kama ameosha vyombo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya shangazi na somo. Siku hizi shangazi yuko Mwanza, anatuma stika.

Nilijiandaa lakini, msinione hivi. Nilichagua Wimbo Ulio Bora 2:7, pale binti za Yerusalemu wanaposihiwa kwa paa na kwa ayala wa porini wasiyachochee mapenzi wala kuyaamsha kabla hayajaona vema yenyewe. Sihi hiyo imo mara tatu katika kitabu hicho, sura ya 2, ya 3 na ya 8. Milango mitatu ya kuingilia, sisi tukapita dirishani.

Maana nilimpa binti yangu asome, sauti anayo. "Wimbo Ulio Bora, mbili saba, mwanangu." Mtoto akaelewa saba ziko mbili. Akafungua 7:7.

Wanaokijua kitabu hicho wameshashika kichwa. Msiokijua, msikifungulie kwenye daladala.

Akaanza. Kimo cha bibie kama mtende. Mimi wala simsikilizi, nimeinama nahangaika na waya wa spika unaokoroma, huku napanga hoja ya pili. Nasikia "mtende" kwa mbali, najisemea, naam, huko ndiko porini, paa wako jirani. Akafika kwenye maziwa na vichala. Ukumbi kimya. Nikajua Neno limewaingia. Nikasema, na hapa shoga yangu hajaongeza chumvi hata punje: "Rudia hapo, mwanangu. Taratibu. Wengine hawajaelewa."

Akarudia. Taratibu. Nimezaa mtoto mtiifu.

Waya nao ukakubali wakati huohuo. Spika ikafunguka hadi nje chini ya mwembe, walikoketi wazee wa kanisa kwenye kikao cha paa (la kanisa, si yule wa porini). Na kwa kuwa sikumzuia, mtoto akaingia mstari wa 8: bwana mle anasema ataupanda huo mtende. Atashika na makuti.

Kutoka mwembeni mzee mmoja akaitikia, "AMINA!" Amina ya namna hiyo ibadani hatujawahi kumsikia nayo.

Ndipo nikainua kichwa. Mke wa mchungaji kajifunika uso kwa ratiba, mabega yanamtikisika. Sijui alikuwa analia au vipi, na sitaki kujua. Mabinti wa kipaimara, ambao kuwafungulisha Biblia ni vita, wote wameinamia Biblia zao wanakimbilia mstari wa 9.

Mengine hayana maana. Pambio likaanzishwa, chai ikaletwa kabla ya saa yake, hoja ya pili mpaka leo iko kwenye mkoba.

Kwenye bajaji binti yangu akacheka mpaka machozi. Kisha akaufungua wenyewe, ule wa 2:7, akausoma kimyakimya.

"Mama, 'hata yatakapoona vema yenyewe' ndiyo lini?"

"Ukimaliza chuo."

"Chuo cha miaka mingapi?"

"Udaktari."

"Wewe na baba mlimaliza chuo gani?"

Dereva akapunguza mwendo asikie vizuri. Nikamwomba aongeze sauti ya redio.