Msiulaumu udongo, angalieni ndoo ya maji

Inaniuma kila saruji yenye udongo uliochomwa inapoitwa saruji ya kuchakachua. LC3, kwa mfano, saruji ya udongo uliochomwa na mawe ya chokaa, ni klinka (mawe yaliyochomwa tanurini yanayosagwa kuwa saruji) asilimia 50, udongo uliochomwa asilimia 30, mawe ya chokaa 15 na jasi 5. Klinka hudai nyuzi 1,450 za joto. Udongo hutosheka na 700 hadi 850.

Kinachoharibu zege la saruji hii ni ndoo ya maji. Chembe za udongo huu ni laini mno, bapa kama magamba, na hukamata maji mengi. Kwa hiyo zege hutoka mashineni likionekana kavu, zito kwenye koleo, na mtu anapaza sauti: “Ongeza maji!” Pigeni hesabu jamani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5 unataka lita 25. Ndoo moja ya lita 10 inakufikisha 0.7, na maji hayo ya ziada yakishatoka yanaacha vitundu mwili mzima wa zege. Tena mchanga ulionyeshewa una maji yake: kila kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 5 zimeshaleta karibu lita 5, nazo zipunguzwe kwenye lita 25.

Dawa ni plastisaiza, kemikali inayolainisha zege bila kuongeza maji. Bakiza lita 3 za maji yaliyopimwa, koroga plastisaiza humo, mimina mwisho, kisha acha mashine izunguke dakika 3 kabla hujasema zege ni kavu. Anza na kiwango kilichoandikwa kwenye dumu, jaribu kwa mchanganyiko mdogo, pima ulaini wa zege kwa koni. Zege hili hukaza upesi juani, basi lisichanganywe kabla fremu na nondo hazijawa tayari.

Halafu limwagilieni! Udongo huu hupata nguvu kwa kula chokaa inayozaliwa saruji inapoungana na maji. Zege likikauka siku ya tatu, kazi imekatika katikati. Magunia mabichi siku 7 ni kima cha chini, 14 ndiyo salama.

Vumbi la tofali zilizovunjwa ni jambo jingine, msilichanganye na hili. Tanuri la kienyeji huacha tofali za pembeni mbichi na kupitiliza za katikati, na udongo uliopita nyuzi 950 hivi umeshakufa, hauli tena chokaa. Udongo unaotakiwa una kaolini (udongo mweupe) ya kutosha, walau asilimia 40. Pugu, karibu na Dar es Salaam, tunayo kaolini, iko pale.

Nakubali, siku ya kwanza nguvu ya zege la LC3 ni ndogo, mbao zisifunguliwe kwa pupa. Nakubali pia kwamba hewa ya kaboni hulipenya upesi zaidi, hivyo zege linalofunika nondo lisipungue unene uliochorwa. Lakini chumvi hulipenya kwa shida kuliko zege la saruji ya kawaida, na kutoka Mtwara hadi Lamu ni chumvi inayokula nondo zetu.